Haki bila karatasi hupotea bila habari
Ukijeruhiwa au ukikamatwa: yale sheria inayokupa, na yale unayopaswa kuyalinda wewe mwenyewe



Katika mikutano yetu na familia zilizohamishwa na vita, swali moja hurudi kila mara: "Mtoto wangu alipigwa na mtu mwenye bunduki, mkono ukavunjika. Nitamshitaki nani, na wapi?" Wengi wanaouliza hivyo wamekwisha kujijibu moyoni. Wanasema hakuna mahakama, hakuna wa kupokea malalamiko, basi jambo limekwisha.

Makala hii inataka kuonyesha kwamba jambo halijaisha. Sheria ya nchi yetu inampa mtu aliyeumizwa haki ambazo hazifi kwa sababu mlango wa mahakama umefungwa. Kinachokufa haraka ni ushahidi. Kidonda hupona, shahidi huhama, karatasi ya hospitali hulowa mvua. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

Hali ilivyo kwetu

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 ilichukua mji wa Goma, na mahakama za serikali zikaacha kufanya kazi mjini. Mwezi uliofuata, kambi kubwa zilizozunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Watu walipewa siku chache tu za kuondoka. Kwa hiyo mtu aliyejeruhiwa Bulengo anaweza leo kuwa Sake, shahidi wake yuko Kitshanga, na muuguzi aliyemfunga jeraha amekwenda mbali zaidi.

Katika hali hii mambo mawili yanabaki kweli. La kwanza: kubadilika kwa anayeshika mji hakufuti Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 wala sheria za jinai za nchi. La pili: vita navyo vina sheria. Kifungu cha 3 kilicho sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949 kinamfunga kila mwenye silaha, awe wa jeshi la serikali, wa AFC/M23, wa Wazalendo au wa kundi lingine. Kinakataza kuua wasiopigana, kutesa, kuteka watu nyara, na kutoa hukumu bila mahakama ya haki.

Tuseme pia wazi: kujua haki si kugombana na mwenye bunduki kwenye bariera. Uhai kwanza. Haki nyingi tunazoeleza hapa zinaweza kudaiwa kesho, ikiwa leo umelinda ushahidi wake.

Ukikamatwa, au mtu wako akikamatwa

Katiba, katika vifungu vya 16 hadi 19, inaweka mambo haya:

1. Kuambiwa sababu. Anayekamatwa aambiwe mara moja kwa nini amekamatwa na anashitakiwa nini, katika lugha anayoielewa. Ikiwa hasikii Kifaransa, aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha yake.

2. Kuonana na watu wake. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au na avoka. Avoka anaweza kumsaidia tangu anapohojiwa na polisi, si mpaka siku ya hukumu.

3. Saa 48. Polisi hawawezi kumweka mtu katika kasho zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya ofisi ya sheria yenye uwezo, yaani parke kwa raia katika nyakati za kawaida. Mwendesha mashtaka naye ana mipaka: hati yake ya kumshika mtu hudumu siku 5, kisha lazima ampeleke mbele ya jaji. Jaji anaweza kuruhusu siku 15, halafu mwezi mmoja mmoja, na kila mara lazima aamue upya.

4. Kila mtu hubeba kosa lake. Kifungu cha 17 kinakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine. Kumfunga mama kwa sababu kijana wake ametoroka ni kinyume cha sheria. Kumfunga ndugu kwa sababu kaka yake yuko msituni, vilevile.

5. Deni si sababu ya kufungwa. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo haziwezi kusimamishwa hata wakati wa utawala wa kijeshi, na kutofungwa kwa ajili ya deni ni mojawapo. Mwenye kudai aende kudai mali yake mbele ya mahakama ya kiraia. Utapeli ni jambo lingine, lakini kukosa kulipa peke yake si kosa la jinai.

6. Kutoteswa. Hilo nalo liko katika kifungu cha 61. Hakuna vita wala amri ya mkubwa inayoruhusu kumtesa mtu.

Zaidi ya hayo, kumbuka mambo mawili ya kila siku. Usiweke sahihi au kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa na kuielewa. Maneno yaliyoandikwa pale ndiyo jaji atakayosoma, hata baada ya miaka. Na pesa yoyote ya halali ina risiti. Ofisa wa polisi ya sheria, yule tunayemwita OPJ, anaweza kwa makosa madogo kupendekeza faini ili kesi iishie pale, lakini faini hiyo huenda kwenye hazina ya serikali na hutolewa risiti. Pesa ya "kufungua kasho" au ya "kalamu na karatasi" haimo katika sheria yoyote.

Kwa familia, kazi ya kwanza ni kuhesabu saa. Andikeni saa na mahali alipokamatwa, waliomkamata walivaa nini, gari lilikuwa la namna gani, alipelekwa wapi. Mkipoteza habari zake kabisa, mnaweza kuwaeleza watu wa CICR, kwa sababu kutembelea wafungwa wa vita na kutafuta waliopotezana ni sehemu ya kazi yao ya kawaida.

Ukijeruhiwa: siku za kwanza

Matibabu kwanza. Hakuna sheria inayosema mgonjwa apite polisi kabla ya kutibiwa. Kwa aliyebakwa, muda ni mfupi zaidi: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kadiri anavyofika mapema, ndivyo dawa zinavyosaidia zaidi. Ikiwezekana, asioge na asifue nguo kabla ya kumwona daktari. Lakini kama amekwisha kuoga, aende tu. Matibabu na cheti bado vina faida.

Kabla ya kutoka hospitali, omba cheti cha daktari. Cheti kizuri kina jina na umri wa mgonjwa, tarehe na saa aliyopokelewa, maelezo yake mwenyewe ya jinsi alivyoumizwa, mahali na ukubwa wa kila jeraha, matibabu aliyopewa, siku ambazo hataweza kufanya kazi, na kama atabaki na kilema. Chini pawe na jina la daktari, sahihi na muhuri.

Siku za kutoweza kufanya kazi si jambo dogo. Sheria ya jinai hutenganisha vipigo kwa matokeo yake. Kupiga au kujeruhi kwa kawaida, kwa kifungu cha 46, hakuzidi miezi 6 ya kifungo. Lakini kipigo kikileta ugonjwa, kutoweza kufanya kazi, kupoteza matumizi ya kiungo au kilema kikubwa, kifungu cha 47 kinapandisha adhabu kuwa kati ya miaka 2 na 5. Mstari mmoja ulioandikwa na daktari unaweza kuamua kesi yako iko upande gani.

Baada ya cheti, kusanya vingine: majina ya walioona na mahali wanapoweza kupatikana, nguo zenye damu zikiwa zimekauka na kufungwa ndani ya karatasi, picha za jeraha zenye tarehe, risiti za dawa na za usafiri. Andika au mwambie mtu akuandikie habari yote mapema, kabla kumbukumbu haijachanganyika: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, jina au cheo kilichotajwa.

Kwa ajali ya gari au ya moto, ongeza namba ya bango, jina la dereva na la mwenye chombo, na karatasi ya bima. Sheria inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima kwa ajili ya watu kinaoweza kuumiza. Dereva akikimbia, au akiwa hana kitu, mwenye chombo aliyemtuma kazi anaweza kudaiwa.

Nani huwahukumu polisi na askari?

Wengi hukosea mlango hapa. Kwa kifungu cha 156 cha Katiba, makosa ya wanajeshi na ya polisi wa taifa huhukumiwa na mahakama za kijeshi. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa oditora, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi. Mwenye kuumizwa, hata akiwa raia, anaweza kuingia katika kesi hiyo na kudai fidia.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 ilifanya utesaji kuwa kosa linalosimama peke yake. Inamhusu mtumishi wa serikali au yeyote anayetenda kwa amri au kwa ridhaa yake, akimuumiza mtu kwa makusudi ili apate habari, amlazimishe kukiri, amwadhibu au amtishe. Adhabu ni miaka 5 hadi 10. Inakuwa 10 hadi 20 ikiwa mteswaji amebaki na ugonjwa au kilema, au ni mtoto, mama mjamzito, mzee au mtu mwenye ulemavu. Akifa, ni kifungo cha maisha.

Je, wenye silaha huhukumiwa kweli? Tarehe 30 Agosti 2023, hapa Goma, askari waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakijiandaa kwa maandamano, na zaidi ya watu 50 wakauawa. Video zilienea haraka. Siku chache baadaye kesi ikafunguliwa hapa hapa mjini, na tarehe 2 Oktoba 2023 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo kanali Mike Mikombe. Wanajeshi watatu walipewa miaka 10 kila mmoja, wawili wakaachiliwa.

Mara nyingine haki huchelewa sana. Tarehe 2 Juni 2010 mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake, baada ya kuitwa makao makuu ya polisi Kinshasa. Fidèle Bazana aliyekuwa naye hakuonekana tena. Kesi ya kwanza haikufika kwenye ukweli wote. Mwaka 2021 polisi wawili waliokuwa mafichoni walieleza walichokiona, kesi ikafunguliwa upya, na tarehe 11 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo ofisa wa polisi Christian Kenga Kenga. Ilichukua karibu miaka 12, na kilichoifungua ni mashahidi.

Tunamkumbuka pia Bosco Ntaganda, ambaye wengi wetu tulimwona akipita Goma akiwa jenerali. Makosa yake ya Ituri yalikuwa ya miaka 2002 na 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilimtia hatiani mwaka 2019, ikampa miaka 30. Mwezi Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alitangaza kwamba anaendelea upya na uchunguzi Kivu ya Kaskazini, akiangalia hasa makosa yaliyotendwa tangu Januari 2022. Mahakama za namna hiyo hazichukui kesi ya kila mtu, bali zinajengwa juu ya maelezo ya watu wa kawaida.

Fidia: nani alipe?

Kifungu cha 258 cha sheria yetu ya kiraia kinasema kwa ufupi kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aitengeneze. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bwana anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtumishi wake akiwa kazini. Ndiyo maana serikali inaweza kudaiwa pamoja na polisi au askari wake. Ilitokea tarehe 12 Aprili 2006, wakati mahakama ya kijeshi ya Mbandaka ilipowahukumu wanajeshi kwa ubakaji wa Songo Mboyo na kuiamuru serikali ilipe pamoja nao.

Tusidanganyane: kupewa hukumu na kupewa pesa ni vitu viwili, na fidia nyingi zilizoamriwa na mahakama zilibaki kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa, FONAREV, kwa ajili ya walioathirika na ubakaji wa vita na makosa makubwa dhidi ya binadamu. Huko nako mtu lazima atambulike kuwa ni mwathirika. Tunarudi pale pale kwenye karatasi.

Muda wa kudai

Haki zina umri tofauti. Kwa makosa madogo ambayo adhabu yake haizidi mwaka mmoja wa kifungo, kama vile kipigo cha kawaida, mashtaka hufa baada ya mwaka 1. Adhabu isipozidi miaka 5, kama kipigo kilicholeta kilema, ni miaka 3. Adhabu ikizidi hapo, ni miaka 10. Hatua ya uchunguzi iliyofanywa ndani ya muda huo hukatiza hesabu, ikaanza upya. Utesaji haufi kwa kupita muda, wala makosa ya vita na makosa dhidi ya binadamu yanayohukumiwa La Haye. Madai ya kiraia ya kulipwa hasara yana muda mrefu, miaka 30.

Kwa hiyo anayesema "tangoja vita viishe" aangalie kwanza kesi yake ni ya namna gani. Kwa jambo lililo karibu kuzeeka, muulize avoka jinsi malalamiko yanavyoweza kupokelewa katika mji ambako ofisi za sheria bado zinafanya kazi.

Mapatano ya nyumbani

Wazee wetu wana hekima ya kupatanisha, na baraza limezima mioto mingi katika jimbo hili. Ugomvi wa mpaka wa shamba, deni au matusi unaweza kumalizika hapo. Lakini baraza halina uwezo wa kufuta kosa la jinai. Kwa ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zilikataza hata ile faini ya OPJ ya kumaliza kesi. Mbuzi wawili waliopelekwa kwa baba wa binti hawamalizi kitu mbele ya sheria, na binti mwenyewe hajaulizwa.

Ukipewa msaada wa matibabu na upande wa pili, pokea kama unauhitaji, lakini andika kwamba ni msaada wa matibabu. Usitie sahihi kwamba umeacha madai yote. Na usitoe cheti cha asili. Toa fotokopi.

Kwa viongozi wa wahamishwa na wa mitaa

Ninyi ndio daftari la watu wenu. Tunawaomba mambo manne:

1. Jueni watu wamekwenda wapi. Kambi zilipovunjwa, mashahidi walitawanyika. Kiongozi anayejua kwamba familia fulani imerudi Masisi au iko kwa ndugu Minova ameokoa kesi.

2. Tunzeni siri. Orodha ya majina ya walioumizwa isipite mkono kwa mkono. Picha ya jeraha isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Simu hukaguliwa, na picha inaweza kumrudishia mwathirika hatari. Kabla ya kumpa mgeni yeyote habari, muulize mwenyewe kama anakubali, na mwambie itatumika kwa nini.

3. Gawanyeni hifadhi. Cheti cha asili kikae mahali pamoja pa usalama, fotokopi kwa mtu mwingine unayemwamini, ikiwezekana nje ya eneo la mapigano.

4. Msimlazimishe mwathirika, wala kushitaki wala kusamehe. Uamuzi ni wake.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linaloifanya makala hii kuwa ya amani. Mtu aliyeumizwa akikosa jina la aliyemuumiza, hutafuta kabila lake. Kisha kijana asiyehusika hupigwa njiani kwa sababu ya uso wake au lugha yake, na mduara unaanza tena. Daftari lenye tarehe, mahali na jina la mkosaji humzuia mtu kuwahukumu jirani zake wote. Kila mtu hubeba kosa lake: kifungu cha 17 kinasema hivyo kwa polisi, na sisi tuseme hivyo majumbani.

Leo jioni, tafuta ile karatasi ya hospitali. Ikiwa ipo, itie ndani ya plastiki, kisha utengeneze fotokopi. Ikiwa ilipotea, rudi kituo cha afya ulikotibiwa ukaulize kama daftari lao bado lipo. Ukikuta mstari wenye jina lako na tarehe, omba uandikiwe upya na kupigiwa muhuri.